Posa Isiyo na Mahari: Hoja Dhidi ya Haki za Milele za Timu za NBA

Katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, kuna kanuni moja ambayo mashabiki wengi huipita bila kuitazama. Timu ikimteua mchezaji anayecheza nje ya Marekani, haki ya kumsajili inabaki mikononi mwake hata kama haijampa mkataba, haijamlipa shilingi wala faranga, na haijasema itamhitaji lini. Mchezaji anaendelea kucheza Hispania, Ugiriki, Serbia au Uturuki. Miaka inapita. Siku akitaka kwenda NBA, mlango wake ni mmoja tu, ule wa timu iliyomteua, au wa timu nyingine iliyouziwa jina lake bila yeye kuulizwa.

Ninapinga kanuni hiyo. Sidai kwamba uteuzi wa wachezaji, ambao hapa nitauita drafti kama wanavyouita wenyewe, ufutwe. Sidai pia kwamba timu isiwe na haki yoyote juu ya kijana iliyemgundua. Ninachodai ni kwamba haki isiyo na mwisho, isiyolipiwa na isiyoombwa, si haki. Ni posa isiyo na mahari. Wazee wetu wangemwambia nini mtu aliyepeleka barua ya posa, asilete mahari, asitaje siku ya ndoa, kisha akawazuia wengine wote wasibishe hodi? Na wangemwambia nini siku wanayosikia kwamba posa hiyo ameshampa binamu yake kwa kubadilishana na mbuzi?

Tuanze na jinsi kanuni inavyofanya kazi, maana ubishi mwingi kuhusu jambo hili hutokana na kutoijua. Drafti hufanyika kila mwaka kwa raundi 2, na wachezaji takriban 60 huteuliwa. Kijana wa kigeni anaweza kujiandikisha mapema, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 19. Asipojiandikisha, mwaka anaotimiza miaka 22 anaingia kwenye drafti moja kwa moja. Hajazi fomu, hasaini popote, haulizwi. Kwa maneno mengine, kisheria mimi mwenyewe niliwahi kuwa mchezaji anayeweza kuteuliwa na NBA, na pamoja nami karibu kila mwanafunzi mwenzangu wa darasani. Hakuna timu iliyopoteza usingizi kwa ajili yetu, na ilifanya vyema. Lakini kanuni iliyotuingiza sisi tusiojua kudunda mpira ndiyo hiyo hiyo inayomwingiza kijana wa Goma, Bujumbura au Kampala anayejua.

Mchezaji akishateuliwa, kinachofuata kinategemea yuko wapi. Asiposaini mkataba na timu iliyomteua, kisha akakaa hadi drafti inayofuata bila kucheza kwa malipo popote, haki ya timu inakwisha na anarudi kwenye drafti. Lakini akiendelea kucheza ng'ambo kwa mkataba, haki ya timu inasogea mbele pamoja na mkataba wake. Akiongeza miaka 2 katika klabu yake, haki nayo imeongezeka. Tafakari maana yake. Njia iliyo wazi ya kujikomboa ni kukaa bure mwaka mzima, bila mshahara na bila mazoezi ya ushindani, katika kazi ambayo mwili huanza kuzeeka mtu akiwa na miaka 30. Kanuni inamwadhibu mchezaji kwa kufanya kazi yake.

Wanaoujua mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji watasema kwamba upo mlango mwingine. Mchezaji wa raundi ya 2 akimaliza mkataba wake wa ng'ambo na kutoa taarifa kwamba yuko huru, timu inatakiwa impe ofa, walau ya mwaka 1 kwa mshahara wa kima cha chini, la sivyo inampoteza. Ni kweli. Lakini ofa hiyo haihitaji dhamana. Mtu anaacha klabu inayomlipa vizuri, anasafiri na familia yake, na kabla msimu haujaanza anaweza kuambiwa kwamba hakuna nafasi. Ndiyo, hapo anakuwa huru. Ila nafasi yake Madrid au Belgrade imeshachukuliwa na mwingine. Uhuru unaopatikana kwa kuruka kutoka ghorofani haupaswi kuhesabiwa kuwa mlango.

Sasa tutazame watu halisi. Luis Scola wa Argentina aliteuliwa mwaka 2002 na San Antonio katika nafasi ya 56. Wakati huo alikuwa akicheza Vitoria, Hispania. Klabu yake ilikuwa na mkataba mgumu kuuvunja, na San Antonio hawakukamilisha usajili wake. Ikapita miaka 5. Mwaka 2007 San Antonio waliihamishia Houston haki yake katika mabadilishano ya wachezaji, na ndipo Scola akaingia NBA akiwa na umri wa miaka 27. Mwishoni mwa msimu wake wa kwanza alichaguliwa katika kikosi bora cha wachezaji wapya. Hakuwa kijana aliyehitaji kuiva. Alikuwa ameshaiva, lakini alikuwa katika ghala la timu moja. Mkataba wake wa Hispania ulikuwa kikwazo cha kweli, sikatai. Lakini kama haki ya San Antonio ingekuwa na mwisho, timu nyingine 29 zingeweza kujaribu kukiondoa kikwazo hicho mapema zaidi.

Sergio Llull wa Hispania ni mfano wa aina nyingine. Aliteuliwa mwaka 2009 na Denver katika nafasi ya 34, mwaka ambao alikuwa anatimiza miaka 22, na haki yake ikauzwa kwa Houston kwa fedha taslimu. Fedha hizo hazikwenda kwake wala kwa klabu iliyomlea. Llull hakwenda Marekani kamwe. Alibaki Real Madrid na kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa Ulaya wa kizazi chake. Georgios Printezis wa Ugiriki aliteuliwa mwaka 2007 katika nafasi ya 58. Mwaka 2012 ndiye aliyefunga kikapu cha ushindi cha Olympiacos katika fainali ya Euroleague pale Istanbul. Hakucheza NBA hata dakika 1, lakini haki zake zilizunguka kutoka timu moja ya Marekani hadi nyingine. Sababu ni kwamba kanuni za mabadilishano zinataka kila timu itoe kitu, na timu isiyotaka kutoa kitu cha maana hutoa jina la mchezaji aliyeko mbali. Jina la mtu linageuka kuwa chenji ya dukani.

Watetezi wa kanuni husema: basi kuna tatizo gani? Llull na Printezis waliishi vizuri, walilipwa, walipendwa na mashabiki wao. Nakubali. Lakini jibu hilo linaimaliza hoja yao wenyewe. Mchezaji aliyeko ng'ambo ama anataka kwenda NBA ama hataki. Kama hataki, haki ya timu juu yake haina faida yoyote isipokuwa kuuzwa na kubadilishwa. Kama anataka, haki hiyo inamnyima nafasi ya kuzungumza na timu inayomhitaji kweli. Katika hali ya kwanza haki ni bure, katika hali ya pili ni dhuluma. Nimetafuta hali ya tatu ambamo haki ya milele inamfaidi mchezaji, sikuiona.

Hoja yao yenye uzito zaidi ni nyingine, na nitaieleza kwa nguvu zake zote. Wanasema kwamba bila haki hii, timu hazitathubutu kuwateua vijana wa kigeni ambao bado hawajakomaa. Nani angepoteza nafasi yake kwa mtu atakayekuja baadaye na kwenda kwa jirani? Wanataja majina: Manu Ginóbili, aliyeteuliwa mwaka 1999 katika nafasi ya 57 akaja kuchukua ubingwa mara 4, Nikola Jokić, aliyeteuliwa mwaka 2014 katika nafasi ya 41 na ambaye amekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2021, 2022 na 2024. Nasi tulio karibu na Kongo tunaweza kuongeza Serge Ibaka wa Brazzaville, aliyeteuliwa mwaka 2008, na Christian Eyenga wa Kinshasa, aliyeteuliwa mwaka 2009. Wote wawili waliachwa Hispania kwanza ili wakue.

Lakini hebu tuhesabu. Ibaka alikaa Hispania msimu 1 kisha akaenda Oklahoma City. Eyenga alikaa msimu 1. Jokić alikaa msimu 1. Ginóbili aliingia mwaka 2002, yaani miaka 3 baada ya kuteuliwa. Toni Kukoč wa Kroatia aliteuliwa na Chicago mwaka 1990, akafika mwaka 1993. Bogdan Bogdanović wa Serbia aliteuliwa mwaka 2014, akafika mwaka 2017. Mafanikio yote yanayotajwa kuitetea haki ya milele yanaenea ndani ya miaka 3. Kwa hiyo mifano yao haitetei umilele, inatetea subira. Subira siipingi.

Na hiyo miaka 3 sikuiokota njiani. Imo ndani ya kanuni za NBA zenyewe. Mchezaji wa raundi ya 1 hulipwa kwa kiwango kilichopangwa kulingana na nafasi aliyoteuliwa. Akikaa ng'ambo misimu 3, kiwango hicho hakimfungi tena, na timu inaweza kumlipa zaidi. Ndivyo Bogdanović alivyopata mkataba mkubwa kuliko ule ambao mtu wa nafasi ya 27 angepata kwa kawaida. Maana yake ni kwamba ligi yenyewe inakubali kuwa baada ya miaka 3 mchezaji si yule aliyeteuliwa tena: amekua, thamani yake imebadilika, na bei ya zamani si ya haki. Basi kama bei ya zamani si ya haki, kwa nini mnunuzi wa zamani abaki yule yule mmoja? Bei ya haki haipatikani sokoni kwenye mnunuzi mmoja. Hata muuza nyanya analijua hilo.

Hoja ya pili ni usawa wa ushindani. Drafti, wanasema, ipo ili timu dhaifu zipate wachezaji wazuri kwanza. Haki ikiwa na mwisho, wachezaji watasubiri muda uishe kisha wakimbilie timu kubwa za Los Angeles na New York. Hoja hii ingekuwa nzuri kama ingekuwa inaeleza kinachotokea. Angalia nani aliyemteua Ginóbili: San Antonio, ambao walikuwa wametwaa ubingwa mwezi huo huo wa Juni 1999. Waliteua mwishoni kabisa kwa sababu walikuwa miongoni mwa wenye nguvu. Wachezaji wanaoachwa ng'ambo huteuliwa zaidi mwishoni mwa raundi ya 1 na katika raundi ya 2, na timu iliyo na kikosi kilichojaa ndiyo inayopenda zaidi kumweka mtu akibani. Timu dhaifu inahitaji mchezaji wa kesho asubuhi, haina haja na wa miaka 5 ijayo. Aliye na ghala ndiye anayefaidika na kanuni ya kuhifadhi.

Kuhusu kusubiri, nauliza: ni vijana wangapi wa miaka 20 watakaoacha mamilioni ya dola kwa miaka 3, wakihatarisha goti na kifundo cha mguu kila wiki, ili tu wachague mji wa kuishi? Wachache sana. Na hao wachache bado watakutana na ukomo wa mishahara, ambao unazizuia timu kubwa zisimrundikie kila anayekuja. Usawa wa ligi una ulinzi wake mwingine, hauhitaji kumfunga mtu ambaye hata mkataba hana.

Hoja ya tatu ni ya kisheria: wachezaji wenyewe walikubali, maana kanuni hizi zimo katika mkataba uliosainiwa na chama chao. Hapa naomba wahadhiri wetu wa sheria wanisaidie kutazama nani hasa alisaini. Chama hicho ni cha wachezaji walio na mikataba ya NBA. Kijana aliyeteuliwa akaachwa Ulaya si mwanachama na hana kura. Walioketi mezani upande wa wachezaji walikuwa wale ambao nafasi zao zinalindwa kila mgeni mmoja anapochelewa kuingia. Siwalaumu, kila mtu hulinda unga wake. Lakini usiniambie kwamba mtu alikubali kwa sababu jirani yake alisaini kwa niaba yake.

Ulinganisho na michezo mingine unaonyesha kwamba si lazima mambo yawe hivi. Katika soka, tangu hukumu ya Bosman ya Desemba 1995 katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, ilithibitika kwamba mchezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia klabu nyingine ya umoja huo bila klabu ya zamani kudai ada. Kama hata klabu iliyomlipa mtu mshahara kwa miaka haiwezi kumshikilia mkataba ukiisha, iweje timu ambayo haijawahi kumlipa chochote iweze? Tena FIFA ina utaratibu ambao sehemu ya ada ya uhamisho, asilimia 5, hugawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Katika drafti ya NBA hakuna kitu kama hicho. Klabu iliyomfundisha kijana inapata tu kile ilichoandika kwenye kifungu cha kuvunja mkataba, na timu ya NBA inaruhusiwa kuchangia humo kiasi chenye ukomo. Kinachozidi hutoka mfukoni mwa mchezaji mwenyewe. Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi, aliteuliwa katika nafasi ya 7 mwaka 2011 akiwa mchezaji wa Fuenlabrada, na suala la kuuvunja mkataba wake wa Hispania lilimfuata hadi Charlotte. Mchezaji anabanwa pande zote mbili: klabu anakotoka inadai malipo, timu anakokwenda ina kizuizi cha kulipa, na hakuna timu ya tatu inayoruhusiwa kuja na mfuko mkubwa zaidi.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi huku? Kwa sababu mto huu sasa unapita uani kwetu. Mwaka 2017 NBA ilifungua akademia yake ya Afrika huko Senegal. Mwaka 2021 ligi ya BAL, mradi wa pamoja wa NBA na FIBA, ilianzia Kigali. Timu za Rwanda, Uganda, Burundi na Kenya zimecheza humo. Khaman Maluach, aliyekulia Kawempe, Kampala, alipita akademia hiyo na kuichezea City Oilers katika BAL kabla ya kwenda chuo cha Duke na kuteuliwa katika nafasi ya 10 mwaka 2025. Ulrich Chomche wa Kameruni aliteuliwa mwaka 2024 katika nafasi ya 57 akitoka moja kwa moja katika akademia hiyo. Toronto hawakumwacha ng'ambo, walimpa mkataba, na ninawapongeza. Lakini hapakuwa na kanuni iliyowalazimisha. Wangeweza kulihifadhi jina lake kwa miaka kadhaa, na sheria ingekuwa upande wao.

Tofauti kati ya Llull na kijana wa kwetu ndiyo inayonitia wasiwasi. Llull alipoachwa ng'ambo, ng'ambo yake ilikuwa Real Madrid. Alikuwa na mshahara, madaktari, mashabiki na ubingwa wa Ulaya wa kuuwania. Ng'ambo ya kijana wa Bukavu inaweza kuwa uwanja wa saruji na ligi ambayo msimu wake haueleweki unaanza lini. Kanuni inayomkwaza kidogo aliyeshiba inaweza kummaliza mwenye njaa. Wala haitoshi kusema kwamba kuteuliwa tu ni heshima. Heshima haipeleki mtoto shule.

Nahitimisha kwa madai matatu. Kwanza, haki ya timu juu ya mchezaji aliyeko ng'ambo iwe na ukomo wa miaka 3 tangu siku ya drafti, awe wa raundi ya 1 au ya 2. Baada ya hapo awe huru kuzungumza na timu yoyote. Pili, haki hiyo ikihamishwa kwa timu nyingine, mchezaji aarifiwe na aridhie, na hesabu ya miaka isianze upya. Tatu, sehemu ya thamani ya kila uhamisho wa namna hiyo iende kwa klabu au kituo kilichomlea. Kuna atakayeuliza kwa nini sidai kwamba asiyetaka asiteuliwe kabisa. Ni kwa sababu hapo kila mwenye kipaji angejitoa, na drafti ingekufa. Nakubali mtu ateuliwe bila kuombwa. Sikubali afungwe bila kuombwa, tena bila siku ya kufunguliwa.

NBA haitatusikiliza kwa sababu ya insha ya mwanafunzi. Itasikiliza mashirikisho yetu ya mpira wa kikapu na klabu zinazocheza BAL, kama zitalileta jambo hili mezani sasa, wakati NBA bado inahitaji viwanja vyetu, mashabiki wetu na vijana wetu. Katika mkataba wa pamoja hatuna kura, lakini katika BAL tuna kiti. Anayekuja kuposa nyumbani kwetu tumkaribishe, tumpe maji na kigoda. Kisha tumuulize, kabla hajaondoka, mahari iko wapi na siku ya ndoa ni lini. Akishindwa kujibu, binti si wake.